Dereva wa Akiba

Zilikuwa zimebaki siku nane, na zote zilikuwa zimekwisha kupangwa. Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa kabati la jikoni, mistari imenyooshwa kwa rula, siku upande wa kushoto, saa juu, na ndani ya kila kisanduku kazi iliyoandikwa kwa penseli ili iweze kufutika. Jumatatu, kurudisha kitanda cha kukunja kwa jirani wa chini. Jumatano, kuziba matundu ya misumari ukutani. Jumanne ya wiki ya pili, uwanja wa ndege. Kisanduku kimoja tu kiliandikwa kwa wino, na aliyekiandika hakuwa mwenye karatasi bali mkewe: Jumamosi, saa nne asubuhi, simu, Kibonge na mimi.

Mwenye karatasi hakuweza kupita jikoni bila jicho lake kuangukia hapo.

Kwao, kabla ya safari hii, alikuwa amepanga mabasi ya abiria kwa miaka kumi na saba. Kazini walimwita Ratiba, na mkewe alilidaka jina hilo tangu enzi za uchumba. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila basi lina dereva na kila dereva amelala vya kutosha. Nyuma ya ofisi kulikuwa na benchi, na kwenye benchi hilo walikuwa wakikaa madereva wa akiba, wanakunywa chai na kubishana juu ya mpira. Mtu akiamka na homa, Ratiba alinyanyua kidole tu, mmoja akainuka benchini, na basi likaondoka saa ile ile. Alikuwa na msemo wake: abiria hapandi dereva, anapanda basi. Msemo huo haukuwahi kumtia aibu hata siku moja, mpaka mwaka huu.

Mwaka huu walikuja ugenini kwa sababu ya mkewe. Yeye alikuwa fundi wa viungo bandia, na alipata nafasi ya mwaka mmoja katika karakana wanakofundisha namna mpya ya kutengeneza miguu. Binti yao wa miaka kumi na minne walikuja naye. Mdogo wake, Kibonge, aliachwa kwa bibi yake mzaa mama. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, mashavu yamejaa kama maandazi, lakini kifua chake kilikuwa dhaifu, na daktari alisema asipelekwe kwenye baridi kali kabla hajatimiza miaka mitatu. Walilia, wakakubali. Mwaka si karne, walisema.

Jumatatu, mume na mke walikuwa wanashusha kitanda cha kukunja kwenye ngazi, yeye akitangulia kinyumenyume, mkewe akishika juu.

"Polepole, Baba Kibonge. Hili si basi, halina breki."

Alijitahidi kucheka. Walipofika kwenye kituo cha ghorofa ya pili wakapumzika, kitanda kimeegemea ukuta. Mkewe alikuwa na unga mweupe wa plasta kwenye nywele, kama kawaida yake akitoka kazini. Akauliza, kama mtu anayeuliza ni saa ngapi, iwapo mumewe anadhani mtoto atamjua.

Ratiba alijibu kwamba damu ni nzito kuliko maji.

"Damu haina masikio," mkewe akasema. "Mimi sura yangu najua ameshaisahau, mtoto wa umri ule. Lakini sauti, hawezi. Kila siku ya Mungu namlaza mimi. Hicho ndicho kilichonishikilia huku. Bila hicho ningepanda ndege mwezi wa tano, na hiyo miguu ingejitengeneza yenyewe."

Ratiba akamwambia ashike vizuri, ngazi zilizobaki zina utelezi. Hazikuwa na utelezi wowote.

Habari ya sauti ilianza hivi. Mwezi wa kwanza walikuwa wanapiga simu ya picha. Kibonge akimwona mama yake kwenye kioo alikuwa anaigeuza simu, anamtafuta nyuma, akimkosa analia mpaka anatapika. Mara ya tatu alikataa kula siku mbili. Bibi, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akatoa hukumu: hakuna sura, hakuna kupigiana. Tumeni sauti, na mimi nitamwekea mchana kabla hajalala. Basi mama akawa anarekodi kila siku dakika tatu nne. Anaanza, "Kibonge wangu, mama hapa," anamsimulia kitu, anamwambia alale. Ratiba ndiye aliyezituma kwa simu yake, saa saba mchana ya kule, ambayo huku ni saa kumi, bila kukosa.

Mwezi wa nne karakana ikampeleka mkewe kwenye zamu mbili. Akawa anarudi sauti imekauka kwa vumbi la plasta, anakaa kwenye kiti na simu mkononi, anasema "Kibonge wangu," na usingizi unamchukua hapo hapo. Ratiba akamwambia asijitese, arekodi kadhaa siku ya Jumapili, yeye atazigawa wiki nzima. Jumapili akarekodi mbili. Jumapili iliyofuata, moja. Na wiki ina siku saba, kwa mabasi na kwa watoto.

Binti yao alikuwa na sauti ya mama yake. Si kufanana, ni ile ile. Hata shangazi zake wakipiga simu walikuwa wanaanza kumsema kwa deni la vitenge kabla hajawaambia kwamba mama hayupo. Siku ya Jumatano moja sauti zilikwisha, saa saba inakaribia, na binti alikuwa mezani anafanya hesabu zake za shule. Ratiba akanyanyua kidole, na binti akaishika simu, akasema, "Kibonge wangu, mama hapa," akasimulia ya mbuzi.

Kwa kweli hakuona ubaya. Lilikuwa basi moja, la siku moja. Lakini kesho yake Bibi akaleta habari kwamba mtoto amelala akicheka, na anaomba tena ile ya mbuzi. Binti akatunga mbuzi wa pili. Polepole, Jumapili za mama zikawa fupi, kisha zikawa za kumwambia mumewe, "Si bado unazo zile za nyuma? Rudia," naye anaitikia kwa kichwa. Hakusema uongo hata mara moja. Aliitikia tu kwa kichwa, kwa miezi saba.

Jumatano alikuwa na binti, wanaziba matundu ya misumari. Yeye anapaka lipu kwa kisu, binti anafuata na msasa. Alimweleza kwamba Jumamosi mama atazungumza na Kibonge moja kwa moja, Bibi ndiye aliyetaka, ili mtoto aanze kuzoezwa kabla hawajafika.

"Najua," binti akasema. "Imeandikwa kwa wino."

Akamwuliza anaonaje. Binti akapuliza vumbi la msasa.

"Mwambie kabla, baba. Ile ilikuwa ratiba yako, mimi nilikuwa dereva tu." Kisha, kwa sauti ya chini, "Halafu usimwambie kwamba nilikuwa naona uvivu. Nilikuwa nangoja saa ile. Shuleni mwezi mzima wa kwanza hakuna aliyekaa na mimi. Nikirudi, kuna mtu mmoja duniani ananingoja nimwambie habari za mbuzi."

Ratiba alikuwa amempanga mtoto wake kama mtu wa benchini na hakuuliza hata siku moja alikuwa anabeba nini. Aliziba tundu lililofuata kwa uangalifu mkubwa, ingawa lilikuwa nyuma ya pazia na hakuna ambaye angeliona.

Alhamisi alikata shauri kusema. Alikwenda karakana saa za mapumziko, kwa kisingizio cha kumsaidia mkewe kubeba vifaa vyake. Alimkuta amepiga goti mbele ya mzee mmoja mnene, anapitisha vidole kuzunguka ukingo wa mguu mpya, anamwuliza wapi panabana, na mzee akisema hapabani anamwuliza tena, kwa sababu watu hudanganya kwa adabu. Ratiba alisimama mlangoni. Alikuwa ameyapanga maneno kwenye basi, la kwanza, la pili, la tatu. Mkewe akainua macho, akamwona, akatabasamu kwa uchovu, na wenzake wakaja na kadi kubwa iliyotiwa sahihi na kila mtu, na mmoja akasema hotuba. Alirudi nyumbani na sanduku la vifaa kifuani na maneno yake yote matatu tumboni.

Ijumaa jioni walikula kwenye sahani za kuazima, kila mmoja na sahani ya aina yake. Mkewe alitaka kila mtu aseme mwaka huu umemwachia nini. Yeye mwenyewe alianza. Alisema amejifunza kutengeneza goti linalojikunja kwenye ngazi, na kwamba amegundua anaweza kulala akiwa amesimama. Binti alisema amejua kukaa peke yake bila kuogopa, na amechoka kutafsiriwa vichekesho. Ikaja zamu ya Ratiba. Hapo ndipo palipokuwa mahali pake, mlango umefunguliwa kabisa, na binti alikuwa anamwangalia bila kupepesa.

Akasema amejifunza kufua.

Walicheka, mkewe zaidi ya binti. Akamwambia kweli mwalimu ni dunia.

Jumamosi saa nne kasoro robo mkewe alikuwa ameshakaa kitandani, amekunywa maji ya moto ili koo lisikwaruze, amesuka nywele kana kwamba sauti ina nywele. Ratiba alisimama dirishani. Alisema, "Mama Kibonge, kuna jambo," na mkewe akanyoosha kidole kumzuia, kwa sababu simu ilikuwa imeshaanza kuita.

Bibi alipokea. Walisalimiana, shikamoo na marahaba zikapita haraka, kisha kukasikika mkwaruzo wa simu ikishushwa kwa mtu mfupi. Pumzi ndogo ikaingia chumbani.

"Kibonge wangu. Mama hapa."

Pumzi ikasogea karibu na simu.

"Kibonge? Ni mama."

"Siyo," mtoto akasema.

Mkewe alicheka kidogo, akajaribu tena, akamwambia ni yeye, mama, anakuja Jumanne kwa ndege. Sauti yake, ambayo miezi minane ya vumbi ilikuwa imeishusha na kuikwangua, ilitetemeka mwishoni. Ratiba aliisikia wakati ule kwa mara ya kwanza, maana kuwa nayo kila siku kulikuwa kumemziba masikio: mkewe hakuwa tena na sauti aliyokuja nayo. Sauti ile sasa ilikuwa kwa binti peke yake.

"Nataka mama," Kibonge akasema, na kilio kilikuwa njiani. "Bibi, huyu siyo. Nataka mama wa mbuzi."

"Mbuzi gani, mwanangu?" mkewe akauliza.

Bibi akaingilia kwa upole. "Si mbuzi wako yule anayekataa viatu? Jamani, umesahau hadithi zako mwenyewe? Mpe kidogo ya mbuzi, atatulia."

Mkewe aliishusha simu mapajani. Hakumtazama mumewe kwanza. Alimtazama binti, aliyekuwa amesimama mlangoni na kiganja mdomoni, na ilionekana wazi kwamba mama huyo alikuwa ameelewa nusu na anangoja kupewa nusu nyingine. Ratiba akaichukua simu, akamwambia mama mkwe watampigia baadaye, akakata. Kisha akasema, kwa sababu hapakuwa tena na namna.

"Si wewe. Tangu mwezi wa nne, ni dada yake."

"Ngapi?"

Mtu mwingine angesema hakumbuki. "Mia mbili na kumi na mbili."

"Na zangu?"

"Mia moja na nne."

"Na Bibi anajua?"

"Hajui. Hakuna anayejua."

Mkewe alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani ubaoni. "Kwa hiyo mimi niliugua homa, ukaniinulia mtu wa benchini. Na abiria asijue." Hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha. "Mwenzangu, mimi nimekaa kwenye lile vumbi najiambia, angalau sauti yangu iko kule. Miezi saba nilikuwa siko popote."

Ratiba alitaka kusema kwamba mkewe alikuwa amechoka mno, kwamba alimwonea huruma, kwamba alitaka tu pasiwe na siku ya kukosa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa. Alisema amekosa. Binti akaanza kulia, akasema na yeye amekosa, maana alipokuwa akifikiria uwanja wa ndege alikuwa anajiona yeye ndiye anayekimbiliwa, na alifurahi. Mama yake akamvuta, akamkalisha kando yake. Walikaa hivyo, wawili kitandani na mmoja dirishani, mpaka jirani wa chini akaja kuuliza kuhusu godoro.

Jumapili mkewe aliomba simu ya Ratiba. Alifungua begi la kwanza, akaweka simu juu ya dirisha, akaanza na ya kwanza ya binti. Alikunja nguo akisikiliza. Zilitoka moja baada ya nyingine, asubuhi yote mpaka mchana: mbuzi aliyepewa ndala akakataa, aliyepewa buti akakataa, aliyepewa viatu vya harusi akavila. Katikati ya mbuzi, binti alikuwa ameweka mambo mengine. Leo mama ametengeneza mguu, mwenye mguu akapiga mpira ukavunja taa. Leo mama amerudi mweupe kama ameangukia kwenye unga. Yalikuwa maneno ambayo mkewe alikuwa akiyasema mezani akisinzia, bila kujua kwamba kuna mtu anayaokota. Kwenye ile taa alicheka, akajifunika uso kwa fulana aliyomnunulia Kibonge.

Ratiba alikaa jikoni. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwita. Alichukua ufutio akafuta visanduku vya siku ile, kisha akaona hana cha kuandika badala yake.

Alasiri mkewe akatoka chumbani, akampa simu binti.

"Mbuzi anaishia wapi?"

"Haishii, mama. Kila siku analetewa kiatu kingine."

Mama akafikiri. Alisema mguu mpya siku ya kwanza unavaliwa saa moja tu. Kesho yake saa mbili. Ukimlazimisha mtu autembelee kutwa, ngozi inachubuka, na ataununia mwaka mzima hata kama umepimwa sawasawa. Akamwambia binti aanze yeye, kama siku zote, lakini asijiite mtu ambaye siye.

Kwanza Ratiba alimpigia mama mkwe. Alimweleza yote, pasipo kupamba. Kisha Bibi akasema, "Nimezaa mtoto nisiijue sauti yake." Ratiba alihisi hilo nalo ni lake kulibeba, na akalibeba.

Binti akabonyeza pa kurekodi. "Kibonge, ni mimi. Mimi ni dada yako. Nilikuwa najiita mama, nilikosea. Mama ni huyu hapa, ndiye aliyekuwa ananipa habari zote. Sasa sikiliza. Jana mbuzi aliletewa kiatu na..." Akasita, akamtazama mama yake.

"Na fundi," mama akasema kwa sauti yake iliyokwaruzika. "Fundi akapiga goti, akamwuliza mbuzi, wapi panabana?"

Waliendelea hivyo, sentensi ya mmoja na sentensi ya mwingine. Mama alisema machache. Ratiba aliituma saa saba ya kule.

Jibu halikuja siku ile. Jumatatu nalo lilichelewa. Walifunga mabegi, wakayapima, wakafungua moja wakatoa viatu, wakalifunga tena. Kila simu ilipotoa mlio watu watatu waliinua vichwa, na mara zote ilikuwa jirani au shirika la ndege. Mkewe alifagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Saa tisa Bibi akatuma sauti, na mkewe akaiweka ili wote waisikie.

Bibi alisema jana mtoto alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, hakulia, akalala kwa shida. Leo ameitaka tena. Aliporudiwa mara ya pili akashika simu, akaigeuza, akaangalia nyuma. "Halafu ameniuliza swali, na mimi sijui nimjibu nini, ndiyo maana nawaletea wenyewe. Anauliza, yule wa pili, wa fundi, naye anakuja?"

Binti akainamisha kichwa. Ratiba akamwangalia mkewe, naye kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alimwangalia pia, si kwa kusamehe, ila kama watu wawili waliopanda chombo kimoja. Kisha mkewe akabonyeza kitufe cha kurekodi, akakishikilia. Sekunde zilikuwa zinakwenda kwenye kioo.

"Mwambie anakuja," akasema.